Kompyuta Imewaka, Kioo Kiko Giza

Tuanze na jambo linaloonekana. Mtu ana kompyuta ya mezani ya zamani, tuseme iliyoundwa kati ya mwaka 2005 na 2010. Anabonyeza swichi. Feni inaanza kuzunguka, taa ndogo mbele ya kasha inawaka, na pengine diski inasikika ikivuma. Anasubiri. Kioo kinabaki cheusi. Anazima, anawasha tena, na hali ni ile ile.

Mpaka hapo tumejua nini? Tumejua kidogo sana, na ni vizuri kukubali hivyo kabla ya kushika bisibisi. Picha ni kazi ya mwisho katika mfululizo mrefu wa kazi, ambamo kila kifaa kinamsubiri mwenzake aliyetangulia. Picha ikikosekana, tunajua kwamba mfululizo umekatika mahali fulani. Hatujui ni wapi.

Bomba la uani likitoa hewa tupu, mwenye nyumba makini hakimbilii kununua bomba jipya. Huenda kwenye mita akafungua koki ya pale. Maji yakitoka, kosa liko kati ya mita na bomba; yasipotoka, kosa liko upande wa barabarani na hakuna haja ya kuchimba uani. Kwa jaribio moja ameigawa njia ya maji na kuondoa sehemu yake kubwa katika mashaka. Nasi tutafanya hivyo hivyo. Jaribio lina thamani pale tu ambapo jibu lake, liwe ndiyo au hapana, linatupunguzia njia ya kutafuta.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Sanduku la chuma lenye swichi ya kuwashia ni kasha. Katika ofisi na shule nyingi sanduku hilo huitwa sipiyu, lakini kwa haki jina hilo ni la kipande kidogo kilichomo ndani yake, nacho tutakiita kichakataji. Mafundi husema prosesa. Mkanganyiko huu si wa maneno tu. Mteja akimwambia fundi kwa simu kwamba sipiyu imekufa, huenda akaletewa bei ya kifaa ambacho ni kizima kabisa. Ndani ya kasha kuna pia ubao mpana unaobeba vifaa vyote, nao ni ubao mama. Kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani ni pawa saplai. Vibao vyembamba vinavyochomekwa wima karibu na kichakataji ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme ukizimwa. Kifaa tunachokitazama ni monita, na uso wake ndio kioo.

Monita inajitegemea. Ina umeme wake, swichi yake, na akili yake ndogo. Kwa hiyo inaweza kuulizwa peke yake, bila kompyuta kuwapo. Chomoa kebo ya picha kwenye kasha, acha waya wa umeme wa monita ulipo, kisha izime monita na kuiwasha. Monita bapa, karibu zote, zitaandika ujumbe mfupi kwamba hakuna ishara au kwamba kebo haijaunganishwa. Ujumbe huo hautoki kwenye kompyuta. Monita imeuandika yenyewe. Ukiuona, umeshathibitisha kwamba kioo, taa yake na umeme wake ni vizima. Kwa kitendo cha nusu dakika, tena bila senti moja, monita imeondoka kwenye orodha ya washukiwa. Inasikitisha kwamba monita nyingi nzima hupelekwa kwa fundi, au kutupwa, kabla ya mtu kuuliza swali hili jepesi.

Ujumbe usipoonekana ilhali taa ya swichi ya monita inawaka, zima taa za chumba na umulike kioo kwa tochi, kwa pembe. Kioo cha monita bapa hakitoi mwanga. Ni kama dirisha lenye vipazia vidogo mno: monita yenye nukta 1,280 kwa upana na 1,024 kwa urefu ina nukta 1,310,720, na kila nukta hufungua au kufunga njia ya mwanga unaotoka nyuma yake. Katika monita za enzi hizo mwanga huo hutoka kwenye mirija myembamba inayofanana na tyubulaiti. Mirija hiyo ikifa, vipazia huendelea kufanya kazi gizani, na tochi itakuonyesha maandishi hafifu. Hapo kosa liko kwenye monita. Mirija hiyo inatumia umeme wa mamia ya volti, kwa hiyo kuifungua monita ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Sasa tuitazame kebo. Kebo iliyozoeleka kwenye mashine hizi, yenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, hufuata kanuni ya VGA iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Ina nafasi za pini 15 katika safu tatu. Pini tatu kati ya hizo hubeba rangi: nyekundu, kijani na buluu. Nyingine mbili hubeba mapigo ya kupanga wakati. Pigo moja husema mstari mmoja wa picha umekwisha, anza mwingine; pigo la pili husema ukurasa mzima umekwisha, rudi juu. Kwa kawaida ukurasa huo huchorwa mara 60 kila sekunde.

Kutokana na kazi hizo tunaweza kutabiri makosa. Waya wa rangi moja ukikatika, picha haipotei, inabadilika rangi tu. Buluu ikikosekana, kwa mfano, mahali peupe patakuwa njano. Mapigo ya wakati yakikosekana ndipo monita inapokosa pa kuanzia, na hapo huona kwamba hakuna ishara. Tangu mwaka 1993 kukosekana kwa mapigo hayo kumetumiwa pia kwa makusudi, kama njia ya kompyuta kuiambia monita ilale. Ndiyo maana taa ya monita iliyogeuka kutoka kijani au buluu na kuwa ya rangi ya chungwa ni habari yenye maana: monita iko macho kiasi, inasubiri mapigo, na mapigo hayaji. Kagua pini kwa macho. Iliyopinda inyooshwe taratibu kwa kibano. Usishtuke ukiona pini ya 9 haipo. Katika kebo nyingi nafasi hiyo huachwa wazi tangu kiwandani.

Kabla ya kuacha kebo, tazama imechomekwa wapi. Baadhi ya makasha yana matundu mawili ya picha nyuma yake: moja liko pamoja na matundu ya kibodi na kipanya, kwa sababu limo kwenye ubao mama, na jingine liko chini zaidi, limelala, kwa sababu limo kwenye kadi ya picha iliyoongezwa baadaye. Katika mashine nyingi za zamani, kadi ikiongezwa, tundu la ubao mama huzimwa. Kebo iliyorudishwa kwenye tundu hilo baada ya kufagia meza italeta giza kamili katika kompyuta isiyo na ugonjwa wowote.

Tumemaliza upande wa mwisho wa njia. Tutafute sasa koki ya katikati, na ipo kwenye kibodi. Washa kompyuta, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha Num Lock mara kadhaa ukitazama taa yake. Taa hiyo haiwashwi na kitufe moja kwa moja. Kibodi hupeleka habari ndani ya kasha kwamba kitufe kimebonyezwa, kichakataji huipokea, programu huamua, kisha amri ya kuwasha taa hurudi kwenye kibodi. Kwa hiyo taa inayowaka na kuzimika kwa kila bonyezo ni ushahidi kwamba kichakataji, ramu na programu vinafanya kazi, na kwamba kompyuta inaendelea na shughuli zake bila sisi kuiona. Kosa basi liko kwenye njia ya picha peke yake: kadi, tundu, au kebo. Taa isipobadilika, yaelekea kompyuta imesimama mapema, kabla ya kufika mahali pa kuchora chochote. Hali hii ya pili ndiyo inayowapata wengi, na ndiyo tutakayoifuata sasa.

Ieleweke pia kwamba wakati wa giza ni ushahidi. Ikiwa nembo ya kiwanda inaonekana kwa sekunde chache na kioo kuzimika baadaye, usifungue kasha. Mashine imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuchora, na yaelekea kosa lipo kwenye mipangilio ya programu, mara nyingi ukubwa wa picha uliopita uwezo wa monita. Tunachofuata hapa ni giza la tangu mwanzo.

Mtu atasema: lakini feni inazunguka, kwa hiyo umeme upo. Ni kweli, umeme fulani upo. Umeme wa ukutani Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Huu ndio mkondo geu. Vifaa vya kompyuta vinahitaji mkondo mnyoofu, usiogeuka, tena wa volti ndogo. Pawa saplai hutengeneza volti 12, volti 5 na volti 3.3 kwa pamoja. Feni hutumia volti 12 peke yake, na si kali katika kuchagua. Hata zikiwa volti 10 itazunguka. Kichakataji hakiwezi kuvumilia hivyo. Feni inayozunguka basi inathibitisha jambo moja dogo, kwamba tawi moja la umeme lina kitu. Kuhusu matawi mengine haisemi lolote.

Kuna jambo jingine. Pawa saplai ikishatulia na volti zake zikawa sawa, hutuma ishara kupitia waya wa kijivu kwenda ubao mama, yenye maana kwamba umeme sasa ni safi. Ishara hiyo huja ndani ya nusu sekunde. Mpaka ije, ubao mama hukizuia kichakataji kisianze, kama mlinzi anayezuia watu wasiingie ukumbini kabla ya taa kuwashwa. Ishara isipokuja, feni itazunguka siku nzima na kichakataji hakitafanya hata hesabu moja.

Tena kichakataji hakilishwi na kile kichwa kikubwa cha waya cha pini 20 au 24 peke yake. Tangu mwaka 2000 hivi, mashine za aina hii zina kichwa kingine kidogo cha mraba chenye pini 4, waya mbili za njano na mbili nyeusi, kinachochomekwa karibu kabisa na kichakataji. Sababu yake ni hesabu. Kichakataji cha Core 2 Duo cha wati 65 kinatumia volti 1.2 hivi. Ukigawa 65 kwa 1.2 unapata ampea zaidi ya 50. Birika la umeme la wati 2,000 jikoni linavuta ampea zisizofika 9. Mkondo mkubwa namna hiyo hauwezi kusafirishwa kwa waya nyembamba kutoka mbali, kwa hiyo volti 12 huletwa hadi mlangoni kwa kichakataji na kushushwa hapo hapo. Kichwa hicho kidogo kikisahaulika baada ya usafi, dalili zake ni zile zile: feni inazunguka, taa inawaka, kioo kiko giza. Ni kosa la kurekebishwa kwa kidole kimoja.

Tumefika mahali pa kufungua kasha, na usalama unatangulia. Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki itumike. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kifaa chochote, na urudie kugusa mara kwa mara. Mwili hukusanya umeme tuli. Mtu huanza kuuhisi unapofikia takriban volti 3,000, ilhali vipande vya kumbukumbu huweza kudhurika kwa kiasi kidogo kuliko hicho, bila cheche wala sauti. Ama pawa saplai yenyewe, usiifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita, yaani chombo cha kuhifadhi chaji, chenye volti zipatazo 320, na chaji hiyo yaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Mwenye multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, anaweza kuiuliza pawa saplai bila kuifungua. Rudisha waya ukutani na uache kompyuta ikiwa imezimwa. Gusisha ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa kichwa kikubwa na ncha nyekundu kwenye waya wa zambarau. Zisomeke volti 5, kwa sababu tawi hilo liko hai saa zote, likisubiri swichi. Kisha washa na upime waya wa njano, mwekundu na wa chungwa. Kiasi kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini: volti 11.4 hadi 12.6, volti 4.75 hadi 5.25, na takriban volti 3.14 hadi 3.47. Nje ya hapo, badilisha pawa saplai kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Na kwa mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, tazama nyuma ya pawa saplai kabla hujaichomeka kwa mara ya kwanza. Za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu, fyuzi na vipande vingine huungua papo hapo.

Tuseme umeme ni sawa. Nini hufuata? Kichakataji kinapoachiliwa kuanza, hakijui lolote. Hakijui kama kuna diski, kioo wala kibodi. Kinajua jambo moja tu lililochongwa ndani yake: anwani ya mahali pa kusoma amri ya kwanza. Katika kichakataji cha Intel 8086 cha mwaka 1978, anwani hiyo ilikuwa baiti 16 chini ya kikomo cha megabaiti 1. Katika warithi wake wa baadaye ni baiti 16 chini ya kikomo cha gigabaiti 4. Waundaji wa ubao mama wameweka kwenye anwani hiyo kipande kisichosahau hata umeme ukizimwa, nacho kina programu ndogo iitwayo bayosi. Kazi ya kwanza ya bayosi ni kukagua nyumba kabla ya kukaribisha wageni. Ukaguzi huu umekuwapo tangu kompyuta ya kwanza ya IBM ya Agosti 1981, iliyouzwa ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu.

Mpangilio wa ukaguzi huo ndio ufunguo wa somo letu. Bayosi haiwezi kuchora picha kabla ya kuiandaa kadi ya picha, na haiwezi kuendelea mbali kabla ya kuhakikisha ramu ipo na inakumbuka. Sasa ramu ikiwa mbovu, mashine itatoaje taarifa, na kioo bado hakijaandaliwa? Waundaji walijibu kwa spika. Kutoa mlio hakuhitaji ramu, wala kadi ya picha, wala diski. Kunahitaji kichakataji, bayosi na kispika kidogo tu. Kwa hiyo kompyuta hujifunza kulia kabla ya kujifunza kuandika, na mtu anayetazama kioo cheusi bila kutega sikio anakosa ujumbe aliotumiwa.

Milio husomwa kwa idadi na urefu, na kila mwundaji wa bayosi ana lugha yake. Kwa bayosi za Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi huelekeza kwenye picha, na milio mirefu inayojirudia bila kukoma huelekeza kwenye ramu. Kompyuta za HP Compaq kama dc7800, za mwaka 2007, hutumia milio pamoja na taa nyekundu ya swichi: mara 2 ni joto la kichakataji, mara 5 ni ramu, mara 6 ni kadi ya picha. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida humaanisha ukaguzi umepita. Baadhi ya mashine zilizoungwa na mafundi hazina spika kabisa, na kimya chake hakithibitishi chochote. Kispika cha kuchomeka kwenye pini za ubao mama ni kidogo kama kifuniko cha chupa na bei yake ni ndogo. Kitafute kwanza, maana bila hicho unafanya kazi ukiwa umezibwa masikio.

Sasa twende kwenye jaribio ambalo, kwa maoni ya mwandishi, lina faida kuliko yote. Zima, chomoa umeme, kisha toa ramu zote. Rudisha umeme na uwashe. Kompyuta isiyo na ramu haiwezi kufanya kazi yoyote ya maana, na hatutaki ifanye. Tunataka ilalamike. Ikilia, tumejifunza kwamba pawa saplai inatosha, kichakataji kinasoma amri, bayosi haijafutika, na ubao mama kwa sehemu kubwa ni mzima. Lalamiko moja limesafisha majina ya vifaa vinne, na vile vya bei kubwa vikiwamo. Kilichobaki ni ramu, kadi ya picha, na vifaa vingine vilivyochomekwa kwenye ubao mama. Ikikaa kimya licha ya kuwa na spika nzima, kosa liko chini zaidi, kwenye umeme wa kichakataji au ubao mama wenyewe.

Mara nyingi, kwenye mashine iliyokaa miaka, italia. Hapo tuishughulikie ramu kwa subira. Kibao cha ramu ya aina ya DDR2 kina miguso 240, vipande vidogo vya rangi ya dhahabu, 120 kila upande, na data hupita kwa waya 64 kwa wakati mmoja. Mguso mmoja ukipitisha umeme vibaya, neno zima lililosomwa linakuwa na kosa, na bayosi hukataa kuendelea. Lakini dhahabu haipati kutu. Uchafu unatoka wapi basi? Tabaka la dhahabu ni jembamba mno, lina vitundu visivyoonekana, na chini yake kuna madini mengine yanayoshambuliwa na hewa. Juu yake hukaa vumbi lililochanganyika na mafuta ya vidole. Katika sehemu za pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenye unyevu na chumvi huharakisha kazi hiyo, na vumbi huufyonza unyevu na kuushikilia pale pale kwenye mguso.

Usafi wake ni rahisi. Chukua kifutio laini cha penseli, cheupe, ufute miguso kwa mwendo wa kutoka kwenye kibao kwenda nje, upande mmoja kisha wa pili. Pangusa makombo yote kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti kidogo, na uache kibao kikauke. Msasa usitumike hata kidogo. Unaondoa dhahabu yenyewe na kufungua mlango kwa kutu. Puliza vumbi katika mfereji wa kuchomekea kwa pampu ya mkono badala ya mdomo, kwa kuwa pumzi ina maji. Kisha chomeka kibao kimoja tu. Kina mkato usio katikati kabisa, unaolingana na kinundu kwenye mfereji, ili kisiingie kinyume; DDR, DDR2 na DDR3 zina mikato mahali tofauti, kwa hiyo kibao kinachogoma kuingia kisilazimishwe. Sukuma pande zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Washa. Ikishindikana, hamishia kibao hicho kwenye mfereji mwingine, kisha ujaribu kibao cha pili peke yake. Badili kitu kimoja kwa kila jaribio na uandike matokeo kwenye karatasi. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja, hata akifanikiwa, hatajua ni kipi kilichoponya.

Ramu zikithibitika, kadi ya picha hutendewa vivyo hivyo: itolewe, isafishwe, irudishwe. Kama ubao mama una tundu lake la picha, iache kadi nje na uhamishie kebo huko. Picha ikitokea, kadi ndiyo iliyokuwa ikizuia.

Betri ya mviringo kwenye ubao mama hulaumiwa kuliko inavyostahili. Inaitwa CR2032 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2, nayo hutoa volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya bayosi wakati umeme haupo. Ikichoka, kwa kawaida kompyuta huwaka na kulalamika kuhusu tarehe. Hata hivyo, mipangilio iliyoharibika yaweza kuizuia mashine, kwa hiyo ni haki kuifuta: chomoa umeme, toa betri, subiri dakika kumi, weka mpya. Ni jaribio la bei nafuu, basi lifanyike, bila kulitegemea sana.

Kama bado ni giza, tazama ubao mama kwa mwanga wa kutosha. Karibu na kichakataji kuna mitungi midogo iliyosimama, yenye alama ya msalaba au herufi K juu. Hizo ni kapasita zinazolainisha umeme wa kichakataji. Kichwa cha kila moja chapaswa kuwa bapa. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia, kimekufa au kinakufa. Mbao mama nyingi zilizoundwa kati ya 1999 na 2007 zilipata maradhi haya kwa sababu ya kapasita zenye kimiminika kisicho bora. Dalili yake ya mapema hukumbukwa baadaye: kompyuta iliyokuwa ikihitaji kuwashwa mara tatu au nne asubuhi ndipo ikubali. Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kuzibadilisha, mradi aweke zenye volti zile zile au zaidi, uwezo ule ule, na upande wa hasi mahali pake.

Mwisho kabisa, ondoa kila kisichohitajika kwa mlio wa kwanza: diski, kisoma DVD, kadi za ziada, vifaa vyote vya USB. Toa ubao mama kwenye kasha uuweke juu ya boksi kavu la karatasi, maana skrubu iliyopotea chini yake huweza kuunganisha yasiyopaswa kuungana. Acha kichakataji pamoja na feni yake, vichwa viwili vya umeme, na spika. Kama hata hapo hakuna mlio, na pawa saplai imejaribiwa kwa nyingine iliyo nzima, umebaki na washukiwa wawili, kichakataji na ubao mama. Vichakataji hufa kwa nadra, na ubao mama wa umri huu hufa mara nyingi.

Hata ikifika huko, kuna jambo ambalo wenye kompyuta wengi hawaambiwi. Diski haikushiriki popote katika giza hili. Mashine ilisimama kabla ya kuifikia, na picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu iliyobakia sura moja vimo humo kama vilivyokuwa siku ya mwisho. Ifungue skrubu zake nne, chomoa kebo zake mbili, uichomeke kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, na uanze kunakili.